Mzingile wa Mfalme na Mzingile wa Panya

Jamaa zangu kutoka Mombasa wakija London hutaka kuonyeshwa Buckingham. Mimi huwapeleka Hampton Court, jumba la kifalme kando ya mto Thames, na wala si kwa ajili ya jumba. Kuna kipande cha bustani pale, kama theluthi moja tu ya eka, kilichojaa vijia vilivyobanwa na kuta za miti. Vijia hivyo ukivinyoosha vitafika takriban mita 800. Wazee wetu wangekiita mzingile mwambiji. Waingereza hukiita *maze*.

Kilipandwa karibu na mwaka 1700, zama za Mfalme William wa Tatu, wakati wakubwa wa Ulaya wakishindana kwa bustani kama wanavyoshindana leo kwa magari. Watunza bustani wanaotajwa ni George London na Henry Wise. Miti ya awali haipo tena. Karne ya 20 ilipandwa mingine isiyopukutisha majani.

Neno *maze* lenyewe ni kongwe kuliko bustani hiyo. Hapo kale halikutaja mahali hata kidogo, lilitaja hali ya mtu: kuzubaa, kupigwa na bumbuwazi. Ilipokaribia kuisha karne ya 14 ndipo likahamia kwenye njia zinazomzubaisha huyo mtu.

Wagiriki walikuwa na neno lao, *labyrinthos*, na kisa chake kinajulikana: Daedalus alimjengea Mfalme Minos wa Krete gereza la kumfungia Minotaur, nusu mtu nusu fahali, na Theseus akaingia na uzi aliopewa na Ariadne ili asipotee akirudi. Kisa kitamu, lakini tazama sarafu za kale za Knossos, mji wa Krete hiyohiyo. Mchoro uliopigwa juu yake una njia moja tu, inajikunjakunja mpaka katikati. Hakuna njia panda. Sasa uzi ulikuwa wa nini?

Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, nalo lina mzingile sakafuni, wa karne ya 13, upana karibu mita 13 na njia inayozidi mita 260. Huo pia ni wa njia moja. Anayeingia hachagui chochote. Anavumilia tu na kufika. Vichochoro vilivyoziba, vya kumrudisha mtu nyuma akitokwa jasho huku wenzake wakicheka, vilishamiri baadaye, katika bustani za matajiri. Kwangu mimi jambo hilo halina ajabu: kupotea kwa makusudi ni starehe ya aliyeshiba.

Na panya je? Mwanzoni mwa karne ya 20, katika Chuo Kikuu cha Clark, Marekani, mtafiti Willard Small alitaka kujua panya hujifunzaje. Akachukua ramani ya Hampton Court, akaibadilisha iwe ya pembe mraba, akaijenga kwa waya na mbao, na kuweka chakula katikati. Panya wakajifunza. Tangu hapo maabara za saikolojia hazikuacha kuwapitisha panya katika vijia, na asili yake ni burudani ya mfalme.

Mwandishi Jerome K. Jerome naye, katika kitabu chake cha 1889 kuhusu wanaume watatu na mashua, alimfanya Harris, mmoja wa hao watatu, aingie Hampton Court akijitapa kwamba ni kukata kulia tu kila mara, akaishia kuwapoteza watu chungu nzima. Watu wamecheka tangu hapo, na wengi wameamini kwamba mbinu ya aina hiyo haifai kitu.

Inafaa. Ukiingia Hampton Court, gusa ukuta wa miti kwa mkono mmoja, wowote ule, na usiuinue hata ukiingizwa kwenye kichochoro kilichoziba. Utazunguka, lakini utafika katikati, na utatoka vilevile. Ila usiitegemee mbinu hiyo kila mahali: mzingile wa Chevening, kule Kent, ulipangwa kwa kuta zilizotengana na ua wa nje, kusudi kumshinda mtu wa mkono ukutani.