Kutoka Ziwa hadi Chungu: Historia ya Kumwanzishia Mtoto Chakula Makunduchi, Unguja

1.0 Utangulizi

Makunduchi, iliyopo upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Unguja, imeandikwa sana kwa mambo mawili: sherehe ya Mwaka Kogwa na lahaja ya Kikae. Haji Chum alikusanya msamiati wa pekee wa lahaja hiyo (1994), na Odile Racine-Issa akaifafanua kwa kina (2002). Lakini kuhusu jambo linalotokea katika kila nyumba yenye mtoto, yaani siku anapotiwa kijiko cha kwanza cha uji mdomoni, maandishi ni machache. Waliokuwa na kalamu, wasafiri, maofisa wa kikoloni na wanazuoni, kwa sehemu kubwa walikuwa wanaume. Na chungu cha uji kilikuwa mikononi mwa mama, bibi na mkunga.

Insha hii inachunguza namna umri na aina ya chakula cha kwanza cha mtoto zilivyobadilika Makunduchi na Unguja kwa jumla tangu mwisho wa karne ya 19. Hoja yake kuu ni kwamba umri huo haukuwahi kuamuliwa na mila peke yake wala na kliniki peke yake. Uliamuliwa na mambo matatu yaliyokwenda pamoja: ardhi inatoa nini, mama anafanya kazi gani, na serikali inasema nini. Na kile kilichosemwa na serikali chenyewe hakikusimama mahali pamoja. Kwa hiyo mvutano unaosikika leo kati ya mama kijana na mama mkwe wake kuhusu "mtoto apewe lini" haufai kusomwa kama ugomvi wa elimu na ujinga.

2.0 Istilahi na mkanganyo wake

Kiswahili kina neno kulikiza, ambalo kamusi hulieleza kwa maana ya kumwachisha mtoto kunyonya. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walipoandika vitabu vya kufundishia walilichukua neno hilohilo na kusema "vyakula vya kulikiza", wakikusudia vyakula ambavyo mtoto huanza kupewa huku akiendelea kunyonya. Hapo neno moja likabeba matendo mawili yasiyolingana: kuanza chakula na kuacha ziwa. Anayeambiwa aanze kumlikiza mtoto anaweza kuelewa kuwa ziwa limefika mwisho wake. Ndiyo maana maandishi ya karibuni hupendelea "vyakula vya nyongeza", istilahi inayokumbusha kwamba chakula kinaongezwa juu ya maziwa ya mama wala hakiji kuyaondoa. Katika insha hii, kulikiza kunatumiwa kwa maana ya kipindi chote, kuanzia kijiko cha kwanza hadi siku ya kuacha ziwa.

3.0 Vyanzo na mipaka yake

Vyanzo vya mwanzo vinagusa suala hili kwa mbali. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 malezi ya watoto wa jumba la kifalme. Hayo ni malezi ya nyumba zenye walezi na watumwa wengi, si ya kijiji cha wavuvi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alianza maelezo yake ya desturi za Waswahili, yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, kwa mambo ya mimba na uzazi. Naye anaizungumzia Mrima. W. H. Ingrams, katika kitabu chake cha mwaka 1931 kuhusu Zanzibar, alitoa nafasi kwa desturi za Wahadimu, watu wa kusini na mashariki ya Unguja, lakini kwa jicho la ofisa wa serikali. Kwa kuwa vyanzo hivi havitoshi, historia ya chungu lazima isomwe pia kupitia ardhi, kazi na sera.

4.0 Ardhi na chungu

Unguja ina nchi mbili. Upande wa magharibi na katikati una udongo wenye kina, ndiko kulikostawi mashamba ya mikarafuu na minazi. Upande wa kusini na mashariki ni uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mdogo katika mianya ya mawe. Makunduchi imo katika nchi hii ya pili. Mpunga hauna nafasi kubwa huko. Kinachovumilia ni mtama, mawele, muhogo, kunde, choroko, mbaazi na viazi vikuu. Bahari nayo hutoa samaki, pweza na chaza.

Mazingira haya yaliweka mpaka wa kile ambacho mtoto angeweza kupewa. Uji wa nafaka au wa muhogo ndio uliokuwa rahisi kupatikana. Kati ya hiyo miwili tofauti si ndogo. Mtama na mawele vina protini na madini kwa kiasi, hali unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Isitoshe, tumbo la mtoto ni dogo: hubeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mtoto wa kilo 8 hushiba kwa takribani gramu 240. Uji mwepesi wa muhogo humjaza kabla haujamlisha. Ukiongezwa unga ili uwe na nguvu, huwa mzito na kumshinda kumeza.

Jiko la pwani lilikuwa na majibu yake. Tui la nazi likitiwa katika uji huongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Samaki aliyechemshwa na kunyambuliwa, akatolewa miiba, humpa mtoto kile ambacho muhogo hauna. Kunde zilizopondwa na kuchujwa maganda hufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo upungufu haukuwa wa maarifa ya kupika. Swali lilikuwa nani katika nyumba anapewa samaki kwanza, na kama samaki aliyepatikana ataliwa au atauzwa.

5.0 Dini, arubaini na lawama

Makunduchi ni jamii ya Kiislamu, na mwongozo wa kunyonyesha ulikuwapo muda mrefu kabla ya kliniki. Aya ya 233 ya Sura al-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na inaruhusu kumwachisha mtoto mapema endapo wazazi wote wawili wameridhiana na kushauriana. Jambo la kuzingatia ni kwamba aya hiyo inahusu mwisho wa kunyonya. Mwanzo wa chakula haukuwekewa mwezi. Nafasi hiyo ikajazwa na desturi.

Siku arubaini za mwanzo mama hutunzwa ndani, akipewa vyakula vya moto, ukiwamo uji wa pilipili manga, ili mwili urudi na maziwa yashuke. Mtoto naye, katika nyumba nyingi za pwani, huonjeshwa maji na dawa za mchango kwa nia ya kumtuliza tumbo. Kwa bibi, tendo hilo ni tiba wala halihesabiwi kuwa chakula. Lakini katika nchi ya mawe, ambako maji ya mvua hupenya haraka katika nyufa na kufika kisimani pamoja na uchafu wake, tone hilo la maji lingeweza kuwa mlango wa kuharisha.

Kuna pia dhana ya kubemenda, iliyoenea katika pwani ya Waswahili na bara: mtoto anayenyonya akikonda na kudhoofu, husemwa kuwa wazazi wake wamemharibu kwa kukutana kimwili, au kwa mama kushika mimba nyingine. Tabibu hawezi kuipuuza dhana hii kabisa. Cicely Williams alipoeleza ugonjwa wa kwashiorkor huko Gold Coast mwaka 1933, na kuutaja kwa jina hilo mwaka 1935, alilitoa jina katika lugha ya Kiga, ambako linahusishwa na mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuja. Jamii mbili zilizo mbali ziliona jambo moja: mimba inayofuata upesi humwondoa mtoto katika ziwa kabla hajapata chakula cha kutosha. Tofauti ni mahali lawama inapowekwa. Kwashiorkor ikawa ugonjwa wa sahani. Kubemenda kukabaki kuwa kosa la wazazi, na hasa la mama. Mama anayeogopa kuchekwa huweza kuchelewa kumpeleka mtoto hospitali, na kuchelewa huko ndiko kunakoua.

6.0 Vita, Mapinduzi na mgao

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mchele ulioagizwa kutoka Asia uliingia katika maisha ya Unguja hadi ukawa chakula cha heshima. Utegemezi huo ulionekana Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942. Chakula kikatolewa kwa mgao, na serikali ikahimiza kilimo cha muhogo na mazao mengine ya njaa. Kwa watu wa uwanda muhogo haukuwa mgeni. Lakini nyumba inaposhushwa kwenye muhogo mtupu, wa kwanza kuumia ni aliye kati ya ziwa na sahani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bila malipo, na huduma zikasogea shamba. Hata hivyo, mwishoni mwa uongozi wa Rais Abeid Amani Karume, hadi 1972, vyakula kutoka nje vilikuwa haba na mgao ukarejea. Mama alipata mahali pa kumpima mtoto, lakini si kila mara alipata cha kumpa. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, madukani yakajaa tena bidhaa za nje, yakiwamo maziwa ya kopo. Wakati huo dunia ilikuwa tayari imeshtuka: mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama.

7.0 Kliniki na mwezi unaohama

Kadi ya kliniki yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu ilileta namna mpya ya kumtazama mtoto. Asili yake ni mchoro wa ukuaji uliobuniwa na daktari David Morley alipokuwa Nigeria. Afya, iliyokuwa ikisomwa katika mashavu na uchangamfu, sasa ilisomwa katika mstari unaopanda au kushuka.

Pamoja na kadi yalikuja maelekezo ya umri, nayo yalihama. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa Oktoba 1979 mjini Geneva ulikubali kwamba mtoto aanze chakula kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Azimio la Innocenti la mwaka 1990 bado lilitaja miezi 4 hadi 6 ya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2001 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipoweka wazi miezi 6. Sababu zake zinaeleweka: kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha na chakula huleta hatari ya kuharisha, baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua, na maziwa pekee hayaijazi.

Sasa achukuliwe mwanamke wa Makunduchi aliyezaa mwaka 1985. Alipompa mtoto uji wa mwezi wa nne hakukaidi. Alikuwa ndani ya mwongozo wa wakati wake. Anapomwambia hivyo binti yake leo, akajibiwa kuwa ni mambo ya kizamani, yeye anajua kuwa aliyasikia kwa wataalamu. Kliniki ilibadilisha neno lake bila kurudi kumweleza aliyelipokea kwanza.

8.0 Bamvu, mwani na bibi

Kazi za wanawake wa uwanda tangu zamani ziliwapeleka ufukoni: kuvua pweza na kufukia makumbi ya nazi ili kusokota kamba za usumba. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani, kikaenea vijiji vya pwani ya mashariki na kusini. Mwani hufuata bamvu, mara mbili kwa kila mwezi mwandamo, na siku hizo mama huwa majini kwa saa kadhaa. Wafanyakazi wa ofisini wana likizo ya uzazi. Mkulima wa mwani hana mwajiri wa kumpa likizo.

Mtoto wa miezi mitatu anayelia saa ya maji kupwa hubaki na bibi. Bibi hana maziwa, ana uji. Kwa mtazamo huu, chakula cha mapema ni gharama ya kipato ambacho, kwa wanawake wengi, kilikuwa cha kwanza kukishika kwa mikono yao wenyewe. Elimu ya miezi sita isiyogusa ratiba ya bamvu, wala kufundisha kukamua maziwa na kumwachia bibi kikombe, inamlaumu mama bila kumsaidia.

9.0 Funzo la madini ya chuma

Wapo walioamini kuwa dawa ingeliziba pengo la chungu. Jaribio lililofanywa Pemba kwa watoto zaidi ya 24,000, likachapishwa mwaka 2006, liliwapa baadhi yao madini ya chuma na asidi ya foliki. Watoto hao walionekana kuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa, katika mazingira yenye malaria nyingi, na sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa. Chuma hakikuwa kibaya kwa asili yake. Kilikuwa na hatari kilipotolewa kwa wote pasipo kuitazama malaria. Matokeo ya Pemba yaliifanya dunia nzima ifikiri upya, na yalirudisha hadhi ya samaki na kunde.

Utafiti wa Tanzania wenyewe ulikwishaelekea huko. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini walionyesha kuwa kimea, unga wa mtama ulioota, kikitiwa kidogo katika uji mzito hukata uzito wake kwa vimeng'enya, mtoto akala nguvu nyingi zaidi katika bakuli lilelile. Hiyo ni sayansi inayoanzia katika nafaka ambayo ardhi ya uwanda inaijua.

10.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kijiko cha kwanza kilisogezwa mbele na nyuma na vita, mgao, bamvu na maazimio ya Geneva. Mwezi wa sita una msingi imara wa kisayansi na unastahili kutetewa. Lakini utetezi wake Makunduchi utafaulu zaidi ukianza na mambo matatu: kumfuata bibi nyumbani na kumweleza kwa nini neno limebadilika; kulitenganisha suala la mtoto kudhoofu na lawama ya kubemenda; na kuupima ushauri kwa kazi za ufukoni. Bibi ndiye anayeshika bakuli mama akiwa majini. Sera isiyozungumza naye itaendelea kuandikwa vizuri mjini na kupikwa vingine shamba.