Uzi: Kwa nini kesi ya shamba la Kebirigo ilikuwa inapanda hadi Kisii?

1/ Kila msimu wa siasa, iwe mazishini au kwenye harambee, wananchi wa Nyamira husikia ahadi mbili. Mmoja anasema, "Tutaleta haki karibu na mwananchi." Mwingine anasema, "Hakimu mdogo asipewe kesi ya mali kubwa, atanunuliwa." Wote wanapigiwa makofi. Lakini mali kubwa ni shilingi ngapi, na nani aliamua? Twende polepole.

2/ Kabla ya mkoloni, ugomvi wa mpaka au ng'ombe ulisikizwa na wazee. Swali lilikuwa ni nani anaujua ukoo huu na ardhi hii. Bei ya shamba haikuulizwa, kwa sababu shamba halikuwa na bei.

3/ Waingereza walipokuja, kizingiti cha kwanza hakikuwa pesa. Kilikuwa rangi ya ngozi. Mwafrika alikuwa na mahakama zake, Mzungu zake. Sheria ya 1930 ilifanya rufaa ya Mwafrika iende kwa DC, halafu kwa PC. Yaani aliyekutoza kodi ndiye aliyesikiza rufaa yako. Mnamo 1951 jina likabadilika, zikaitwa Mahakama za Waafrika.

4/ Mnamo 1967, Kenya huru ikazifuta na kuleta mfumo mmoja wa mahakimu kwa watu wote. Ubaguzi wa rangi ukaondoka mlangoni, lakini mlango wenyewe ukabaki: sasa unapimwa kwa cheo cha hakimu na thamani ya kesi. Shilingi ikishuka, viwango vinapandishwa. Visipopandishwa, mwananchi anafungiwa nje bila mtu kutangaza lolote.

5/ Mfano mzuri ni mirathi, ile tunaita "saksesheni." Kabla ya 2016, kikomo cha hakimu kwenye mali ya marehemu kilikuwa shilingi 100,000. Laki moja tu! Chukulia mama mjane wa Kebirigo aliyeachiwa ekari moja ya majani chai na nyumba ya mabati. Hiyo tayari imepita laki mara kadhaa.

6/ Kwa hivyo, kwa kawaida, mama huyo alipaswa kwenda Mahakama Kuu. Nyamira mjini ni mwendo mfupi wa matatu kutoka Kebirigo, lakini Mahakama Kuu ilikuwa Kisii. Ongeza wakili, nauli, na siku za kuambiwa "rudi mwezi ujao." Wengi waliacha tu. Ndiyo maana mpaka leo kuna taito zinazosoma jina la babu aliyezikwa zamani, huku wajukuu wakiuziana vipande kwa karatasi ya mkono. Mzozo unaouona leo kati ya mashemeji, mara nyingi mizizi yake ni hapo.

7/ Je, wazee hawangesaidia? Walijaribiwa. Sheria ya 1990 iliunda mabaraza ya wazee ya kutatua mizozo ya ardhi. Kikomo chao kilikuwa aina ya kesi: mipaka, matumizi ya shamba, kuingiliwa. Hatimiliki haikuwa yao. Lakini mabaraza mengi yalivuka na kuamuru shamba lihamishwe jina, kisha Mahakama Kuu ikafutilia mbali. Unashinda kwa wazee, unakuja kupoteza miaka baadaye. Mabaraza hayo yalifutwa 2011.

8/ Halafu ikaja Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016. Viwango vya kesi za madai ni hivi:

Hakimu Mkazi: milioni 5
Hakimu Mkazi Mwandamizi: milioni 7
Hakimu Mwandamizi: milioni 10
Hakimu Mwandamizi Mkuu: milioni 15
Hakimu Mkuu: milioni 20

Na mirathi ikafuata viwango hivyo hivyo. Kutoka laki moja hadi mamilioni! Yule mama angeweza kumaliza mambo yake Nyamira.

9/ Haikupita kimya. Mawakili wa Malindi walienda kortini kupinga mahakimu kusikiza kesi za ardhi, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Oktoba 2017 Mahakama ya Rufani ikageuza uamuzi huo: mahakimu wanaweza, mradi wasipite kikomo chao.

10/ Angalia mtego hapa. Kikomo ni cha hakimu, si cha jengo. Shamba la milioni 8 kando ya lami haliwezi kusikizwa na hakimu wa milioni 7, hata kama ofisi yake iko ng'ambo ya barabara. Na ukikosea mlango, hasara ni yako. Jaji Nyarangi aliliweka wazi mwaka 1989 katika kesi ya meli Lillian S: korti isiyo na mamlaka haiendelei hata hatua moja. Mahakama pia zimeamua kwamba kesi kama hiyo haihamishwi, kwa sababu ni kama haikuwahi kuwepo. Unaanza upya, na muda wa kushtaki pengine umeisha.

11/ Kwa deni la dukani au pikipiki iliyogongwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 ilianza na kikomo cha laki mbili, na 2020 kikawa milioni moja. Hukumu inapaswa kutoka ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Shamba halisikizwi huko.

12/ Sasa rudi mkutanoni. Anayesema hakimu "atanunuliwa" aeleze kwa nini dawa ni kumbebesha mjane nauli, badala ya kumwajibisha hakimu mla rushwa. Na anayeahidi kupeleka mswada bungeni ili kikomo kipande, muulize kama ameisoma sheria ya 2015. Inampa Jaji Mkuu uwezo wa kurekebisha viwango hivyo kwa tangazo la Gazeti la Serikali, akizingatia mfumuko wa bei.

13/ Bei ya ardhi haisubiri uchaguzi. Kikomo kikilala huku ekari ikipanda, tutarudi palepale pa laki moja. Kabla hujafungua kesi, uliza mambo mawili: mali yangu ina thamani gani, na hakimu aliyepo ana cheo gani? Mtumie mtu wa nyumbani uzi huu, hasa yule ambaye taito bado inasoma jina la babu.