Kobalti Kutoka Jalalani: Urejeshaji wa Metali Kasese

Mgodi wa shaba wa Kilembe, kwenye miteremko ya Milima ya Rwenzori nchini Uganda, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Pairiti iliyotenganishwa nayo, yaani madini ya chuma na salfa, iliteremshwa hadi Kasese na kurundikwa. Ilikuwa na kobalti ya takriban asilimia 1.4, lakini mtambo wa kuitoa haukuwapo. Uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, rundo lilikuwa limekaribia tani milioni moja.

Rundo hilo liliitesa ardhi. Pairiti ikipata mvua na hewa huzaa asidi, na asidi hiyo ilitiririka pamoja na metali kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na Ziwa George. Kila ilipopita, mimea ilikauka na udongo ukabaki mtupu.

Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt Company ilianza kulifukua rundo hilo. Mbinu yake, iliyobuniwa kwa msaada wa BRGM, taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, iliuchukua uharibifu uleule na kuufanya kazi. Pairiti ilichanganywa na maji katika matangi makubwa yanayokorogwa na kupulizwa hewa, kwenye joto la nyuzi 42 hivi. Humo bakteria wanaoishi kwa chuma na salfa waliivunja kwa siku chache tu, nayo kobalti ikayeyuka ndani ya asidi. Chokaa iliondoa chuma, kisha umeme ukaigandisha kobalti juu ya mabamba. Umeme huo ulitoka katika kituo cha Mto Mubuku, kilichojengwa na kampuni yenyewe.

Kanuni hiyo haiko mbali na ya mafundi wanaorejesha dhahabu iliyopakwa kwenye vyuma chakavu: asidi hutenganisha kilicho cha thamani na kisicho. Tofauti ni kwamba fundi hununua asidi kali na kuvuta moshi wake wenye sumu, ilhali Kasese asidi ilitengenezwa na viumbe wasioonekana kwa macho.

Bei ndiyo iliyokuwa mtihani. Soko la kobalti hufuata sana mwenendo wa nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na bei iliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtambo ulisimama kwa muda. Ulirudi kazini hadi rundo lilipokwisha, mwaka 2013.

Kazi hiyo inastahili heshima, kwani iliiondoa sumu na kuiuza kama bidhaa. Hata hivyo haikugusa kila kitu. Mabaki mengine ya mgodi yangali kandokando ya Mto Nyamwamba huko Kilembe, na mafuriko makubwa, yakiwemo ya Mei 2013 na Mei 2020, yameyamega na kuyasomba kuelekea bondeni. Wanaopanga kuufufua mgodi wa shaba wanapaswa kuanza na mabaki hayo.