Kiowevu cha Ioni: Chumvi Inayomumunyisha Pamba

Selulosi ya pamba haiyeyuki. Pamba ikipashwa moto mkali huungua na kuwa makaa kabla haijawa majimaji, na ikiachwa majini mwaka mzima itabaki pamba. Minyororo yake ya glukosi, ambayo kila mmoja huweza kuwa na maelfu ya glukosi, imeshikana kwa vifungo vingi mno vya hidrojeni.

Kinachovifungua ni chumvi. Si ya mezani, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, bali chumvi zenye ioni kubwa, zisizopangika kwa urahisi, ambazo huyeyuka chini ya nyuzi 100. Hizi naziita viowevu vya ioni. Tukisema “chumvi majimaji” msomaji atadhani ni maji ya chumvi, na humu hamna maji hata kidogo.

Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kwamba kloridi ya butilimethilimidazoliamu humumunyisha selulosi. Ioni za kloridi huzishika haidroksili za glukosi, minyororo ikaachana. Maji yakiingia, uwezo huo hupotea, maana nayo hugombea kushikana na kloridi. Ndiyo sababu mmumunyo ukimiminwa majini, selulosi hujitenga ikawa ngumu tena.

Lakini hairudi ilivyokuwa. Mpangilio wa fuwele zake za asili huvunjika, na ukijipanga upya huwa wa aina ya pili, tofauti na ule wa mmea. Kubwa zaidi ni urefu wa minyororo. Joto likizidi au muda ukirefuka, minyororo hukatika. Mmumunyo hupungua uzito wa kutiririka na uzi utakaosokotwa huwa dhaifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, wanaosokota nyuzi za nguo kwa mbinu ya Ioncell, hulazimika kuulinda urefu huo tangu mwanzo.

Hapa ndipo istilahi inapotudai umakini. Katika mazungumzo barafu huyeyuka juani na sukari huyeyuka kwenye chai, wala hakuna anayepotea. Katika kemia hii, chumvi ndiyo iliyoyeyuka kwa joto. Selulosi imemumunyuka ndani yake. Nawasihi wahariri wa vitabu vya sayansi: kuyeyuka kuachiwe joto, kumumunyuka kuachiwe kimumunyishi, na mwanafunzi asiambiwe kamwe kwamba pamba imeyeyuka.