Watoto na magemu, sehemu ya 3: Zile namba za "nani kapiga zaidi" zilitoka wapi?

Juzi kliniki mama mmoja kaniambia mwanawe wa miaka 14 alizima kompyuta akalia. Kisa? Wenzake kwenye gemu wamemtoa kundini, eti "namba zake ziko chini". Namba gani tena? Ngoja niwape historia yake, maana ni ya zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1999 lilitoka gemu la Marekani linaloitwa EverQuest, la watu wengi kucheza pamoja kwa intaneti. Gemu hilo liliweza kuandika kila pigo kwenye faili, wachezaji wakatengeneza programu za kulisoma na kujumlisha. Mwaka 2004 kampuni ya Blizzard ikatoa World of Warcraft, na ikaruhusu wachezaji waongeze vijiprogramu vyao wenyewe. Watu hadi 40 walipambana na jitu moja. Mkishindwa, mnatazama hesabu mjue pa kurekebisha. Nia ilikuwa njema kabisa.

Lakini orodha ina wa kwanza na wa mwisho. Wa mwisho akaanza kutukanwa na kufukuzwa. Na ukitazama vipigo peke yake, anayetibu wenzake anaonekana hafanyi kitu! Sisi manesi hilo tunalijua vizuri.

Wajapani wakashika njia nyingine. Mwaka 2013 Square Enix ilizindua upya Final Fantasy XIV, na kanuni zake zinakataza programu zote za nje, vikiwemo hivyo vipimo. Zinakataza pia kumtukana mwenzako au kumlazimisha acheze utakavyo wewe. Ukikiuka, akaunti inasimamishwa au inafungwa. Mwaka 2022 msimamizi wa gemu hilo, Naoki Yoshida, alilazimika kuwakumbusha wachezaji tena kwa maandishi, maana wapo wanaotumia kimyakimya. Mara nyingi kinachowaponza ni mdomo: wanaandika namba za mwenzao hadharani ili kumwaibisha.

Blizzard nao, mwaka 2025, walitangaza kwamba wataweka kipimo chao wenyewe ndani ya gemu. Kwa hiyo mmoja anakataza, mwingine anakileta nyumbani.

Mimi naona hivi. Kadi ya kliniki ina mstari wa uzito. Tunaupima ili tumsaidie mtoto, siyo tumsimange mama yake mbele ya foleni. Namba ni ileile, tofauti ni mdomo unaoisoma.

Basi leo usiku muulize mwanao mambo matatu: Unacheza na nani? Wanakuambiaje ukikosea? Na wewe unawaambiaje wenzako? La tatu usiliruke, maana huenda mtukanaji yuko sebuleni kwako. Akitukanwa, mwonyeshe kitufe cha kuripoti, kipo kwenye magemu mengi. Na usimwambie "ni gemu tu". Kilio chake ni cha kweli.

Sehemu ya 4 tutaongelea usingizi. Mlale salama.