Mizunguko katika uchaguzi wa watu
Mwaka 1940, M. G. Kendall na B. Babington Smith wa Uingereza walitoa kipimo cha uthabiti wa upendeleo. Mtu hulinganisha vitu viwili viwili. Akipenda A kuliko B, B kuliko C, kisha C kuliko A, amefanya mzunguko. Vitu vikiwa 7, mizunguko haizidi 14. Ikitimia yote, uthabiti ni sufuri.

Je, kuzunguka ni uzembe tu? Mwaka 1954 Mmarekani Kenneth May aliwalinganishisha wanafunzi 62 wachumba watatu wa kubuni, waliotofautiana kwa akili, sura na mali. Wanafunzi 17 walizunguka, tena wote kwa upande uleule. Uzembe haupangiki hivyo: kila mchumba alimzidi mmoja wa wenzake kwa sifa mbili kati ya tatu.