Mimbari, Ngano na Kiti cha Ukhalifa: Misri, 1169–1174

Mnamo mwaka 1169 Salahuddin, jemadari wa Kikurdi, alitawazwa kuwa waziri wa Misri. Cheo hicho kilimweka baina ya mabwana wawili wasiopatana. Nuruddin, mtawala wa Sham aliyemtuma, alikuwa Sunni aliyemtambua khalifa wa Baghdad. Al-Adid, khalifa wa Kairo aliyempa uwaziri, alikuwa Shia wa Kiismaili wa nasaba ya Fatimiya, iliyodai kuwa ukhalifa ni haki yake peke yake.

Vita ndivyo vilivyomfikisha hapo. Amalric, mfalme wa Wafaranki wa Jerusalem, aliishambulia Misri mara kadhaa, na mwaka 1168 wakazi wengi wa Bilbays waliuawa. Majeshi ya Sham yakaitwa kuokoa nchi. Yalipokwisha kuiokoa, hayakuondoka. Agosti 1169 askari weusi wa khalifa waliasi, wakashindwa baada ya siku mbili za mapigano mjini, na mtaa wao ukateketezwa.

Hata hivyo, ushindi wa silaha haukuwa umeigusa mimbari. Mwaka 1170 Salahuddin aliasisi madrasa mbili huko Fustat, karibu na Msikiti wa Amr: moja ya Kishafii, mahali palipokuwa gereza, na nyingine ya Kimaliki. Hii ya pili iliwekewa wakfu wa mashamba ya Fayyum, na walimu wake wakagawiwa ngano ya huko. Kwa hiyo ikaitwa al-Qamhiyya, yaani "ya ngano". Jina hilo laeleza siasa nzima: elimu iliyotakiwa kuuondoa Uismaili ilipewa kwanza riziki. Mwaka 1171 kadhi mkuu akawa Mshafii, na Septemba khutba ikasomwa kwa jina la khalifa wa Baghdad. Al-Adid, aliyekuwa mgonjwa, alifariki baada ya siku chache. Mji haukuasi.

Lakini riziki hufunga nyoyo kwa pande zote. Umara wa Yemen, mshairi na mwanachuoni wa Kishafii, alikuwa amekirimiwa na Wafatimiya akawasifu, na baada ya kuanguka kwao akawaombolezea. Mwaka 1174 aliuawa kwa kushiriki njama ya kuwarejesha. Kwa madhehebu, alikuwa upande wa washindi. Kwa fadhila alizokula, alikufa na walioshindwa.